Mwajiri anataka nisaini makubaliano ya kuachana kwa maelewano ndani ya siku tatu. Je, kuna haja ya wakili?

#1 Ghala Namba Tano

Salaam kwenu wote.

Ninasimamia ghala katika kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar es Salaam. Niliajiriwa Machi 2016 nikiwa Mbeya, nikahamishiwa Dar mwaka 2019, na mshahara wangu wa msingi ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi kwa kazi ya siku sita kwa wiki. Jumatatu niliitwa na afisa rasilimali watu, akanieleza kwamba biashara imeshuka na kwamba menejimenti imeona ni heri tuachane kwa maelewano kuliko kufikishana mbali.

Nilikabidhiwa karatasi mbili za Kiingereza. Zinasema kwamba mimi na kampuni tumekubaliana kusitisha ajira kwa ombi langu, kwamba nitalipwa shilingi 6,000,000 kwa mkupuo ikiwa ni malipo kamili na ya mwisho, kwamba sitafungua shauri dhidi ya kampuni katika chombo chochote, na kwamba nimesaini kwa hiari yangu baada ya kupata nafasi ya kushauriwa kisheria. Natakiwa kuzirudisha Alhamisi. Nimeambiwa kwamba nikiwa na swali, wakili wa kampuni yupo tayari kunifafanulia.

Naomba kujua kama kumtafuta wakili wangu kutanisaidia kitu, au nitapunguza tu hizo milioni sita. Nawasilisha.

#2 Mtetezi wa Tawi

Usisaini Alhamisi. Huo ndio ushauri wa kwanza, mengine yatafuata.

Ulichoelezwa ofisini na kilichoandikwa kwenye karatasi ni mambo mawili tofauti. Umeambiwa biashara imeshuka. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji anatakiwa kutoa taarifa ya nia yake mapema, kutoa taarifa zinazohusu upunguzaji huo, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kuhusu sababu, njia za kuuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo ya wanaoondoka. Karatasi yako inasema wewe ndiye uliyeomba. Ukiisaini, hatua zote hizo zinafutika kwa kalamu yako mwenyewe.

Je, kuna wenzako walioitwa siku hiyo hiyo? Kama wapo, suala linaacha kuwa la mtu mmoja, na tawi la chama chenu linapaswa kujua leo.

#3 Hesabu Kwanza

Mkuu, kabla ya kubishana sheria, tuipasue hiyo milioni sita tuone ndani kuna nini.

Ukiachishwa kazi unastahili mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, notisi au malipo badala yake, na kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Una miaka tisa kamili, kwa hiyo siku 63. Nikigawa 1,200,000 kwa 30 napata 40,000 kwa siku, na kiinua mgongo kinakuwa 2,520,000. Ongeza mwezi mmoja wa notisi, 1,200,000, na likizo ya mwaka mmoja kama hukuichukua, karibu 1,200,000 nyingine. Hapo tupo 4,920,000, na sijagusa siku ulizofanya kazi mwezi huu.

Uliza basi: hiyo iliyobaki, ambayo ni milioni moja na kidogo, ndiyo bei ya wewe kutofungua shauri? Kama ndivyo, iandikwe hivyo, na kila malipo yawe na mstari wake na kiasi chake. Mkupuo usio na mchanganuo humficha mwajiri na humponza mfanyakazi.

#4 Karani Mstaafu

Ndugu Hesabu Kwanza, nakushukuru, ila kigawanyo chako kinamnyima mwenzetu fedha. Sheria ya 2004 ina jedwali la kukokotoa viwango vya mshahara. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa idadi ya siku ambazo mtu hufanya kazi katika wiki. Yeye anafanya siku sita, kwa hiyo kigawanyo ni takribani 26, siyo 30. Siku moja inakuwa kama shilingi 46,150, na siku 63 zinatoa takribani 2,907,000. Tofauti inakaribia shilingi 390,000 kwenye kiinua mgongo peke yake.

Lipo pia jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mtu huyu aliajiriwa Mbeya na anaachishwa Dar. Mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa au kumlipa gharama hiyo, na posho ya usafiri haiwezi kuwa chini ya nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na mahali alipoajiriwa. Kuna na fedha ya kujikimu kila siku tangu anapoachishwa hadi anaposafirishwa. Katika miaka yangu ya kushughulikia mafaili ya watumishi niliona kipengele hiki kikirukwa mara nyingi kuliko kingine chochote, kwa sababu anayeondoka hana habari nacho na anayelipa hana sababu ya kumkumbusha.

#5 Ghala Namba Tano

Ahsanteni. Likizo ya mwaka huu sijaichukua. Kuhusu usafiri, karatasi haisemi neno lolote, na barua yangu ya ajira ya 2016 ninayo na inaonyesha Mbeya. Walioitwa siku ile tulikuwa wanne, wote wa idara moja, na mmoja ameshasaini.

#6 Meza ya Ajira

Naomba nitoe upande wa pili, kwa kuwa mimi nipo katika idara ya rasilimali watu, ingawa si katika kampuni ya mleta uzi.

Kuachana kwa makubaliano siyo ujanja. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinatambua wazi kwamba mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana kusitisha mkataba. Wapo wafanyakazi wanaotaka kuondoka kimya kimya, wakiwa na barua nzuri ya utambulisho na fedha mkononi, kuliko kuingia katika mchakato wa kupunguzwa ambao hawajui utaishia wapi.

La pili ni kwa Hesabu Kwanza na Mzee Karani. Kiinua mgongo cha kisheria hulipwa pale mwajiri anaposhika hatua ya kusitisha ajira. Pande mbili zikikubaliana, haki hiyo haiji yenyewe, inakuwa jambo la mazungumzo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba karibu milioni tatu "tayari ni zake" kisha tuhesabu kinachobaki.

#7 Mtetezi wa Tawi

Dada Meza ya Ajira, umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Kama kiinua mgongo kinategemea nani ameanzisha hatua ya kuachana, basi yale maneno "kwa ombi langu" yana thamani ya shilingi 2,907,000, na wameyaandika kabla ya kumuuliza. Hakuomba. Aliitwa.

#8 Binti wa Sheria

Ninafanya kazi za uwakili, na mashauri ya ajira ni sehemu ya kazi yangu, kwa hiyo nitajibu swali la mleta uzi kama lilivyoulizwa: wakili atakusaidia nini?

Sheria ya Tanzania Bara haikulazimishi kuwa na wakili ili makubaliano ya namna hii yawe halali. Ukisaini peke yako mezani kwa afisa rasilimali watu, sahihi yako inakufunga. Mlango unaobaki ni ule wa Sheria ya Mikataba, kwamba ridhaa yako haikuwa huru kwa sababu ya kulazimishwa, kushawishiwa isivyo halali, au kudanganywa. Mzigo wa kuthibitisha hayo utakuwa wako. Sasa soma tena sentensi ile ya mwisho kwenye karatasi yako, inayosema umepata nafasi ya kushauriwa. Imewekwa hapo kwa ajili ya siku hiyo. Utakaposema hukuelewa, utaonyeshwa sahihi yako chini yake.

Wakili wa kampuni anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini mteja wake ni kampuni. Anachoweza kukufafanulia ni maana ya maneno. Hawezi kukuambia kama dau ni dogo, kwa kuwa akifanya hivyo atakuwa amemsaliti anayemlipa. Unachokihitaji ni mtu wa kukwambia unauza nini. Sheria ya 2004 ilivyotungwa iliweka fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12 kwa mtu aliyeachishwa isivyo halali, na fidia hiyo huongezwa juu ya stahiki nyingine, haizifuti. Kwa mshahara wako ni 14,400,000. Sikuahidi kwamba utaipata: mahakama zimekuwa zikitoa pungufu pale kasoro inapokuwa ya utaratibu pekee, na marekebisho ya 2025 yamegusa eneo la fidia, kwa hiyo mwanasheria wako akusomee sheria ilivyo leo. Lakini ni lazima uijue namba hiyo kabla ya kuiacha.

Kuhusu gharama: kusomewa karatasi mbili na kupewa ushauri si sawa na kuendeshewa kesi. Muulize bei kabla hajafungua faili. Unaweza pia kuiomba kampuni ilipie ushauri huo. Wengine hukubali, kwa sababu makubaliano yaliyosainiwa na mtu aliyeshauriwa ni magumu kuyapinga, na hilo lina manufaa kwao pia. Kama fedha haipo kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria, na vyama vya wafanyakazi navyo vina watu wazoefu wa mashauri haya.

#9 Mtanga wa Reading

Nipo Uingereza, na nimewahi kupewa karatasi ya namna hii huku. Nieleze tofauti, kwa kuwa inaonyesha kinachokosekana nyumbani.

Kwa sheria yao ya haki za ajira ya 1996, makubaliano ya mfanyakazi kuacha madai yake hayana nguvu mpaka awe ameshauriwa na mshauri huru mwenye bima ya kazi yake, naye atajwe ndani ya makubaliano yenyewe. Mshauri anaweza kuwa mwanasheria, au afisa wa chama cha wafanyakazi aliyeidhinishwa. Ndiyo maana waajiri wengi huchangia ada yake ingawa sheria haiwalazimishi, kwani bila yeye karatasi yao haiwalindi. Mwongozo wa ACAS, taasisi ya usuluhishi ya huko, unapendekeza mtu apewe angalau siku kumi za kutafakari. Siku tatu zingewashangaza.

Mwanasheria wangu alisoma kwa muda mfupi, akaniuliza jambo moja ambalo sikulitarajia: barua ya utambulisho itasema nini? Tukapeleka maneno yake tuliyoyaandika wenyewe, yakabandikwa kama kiambatisho. Kiasi cha fedha hakikubadilika hata kidogo. Kazi niliyoipata baadaye ilitokana na barua ile.

#10 Meza ya Ajira

Ndugu Mtanga, hayo ni mazuri, lakini mleta uzi yupo Dar, na akimwambia mwajiri wake kwamba sheria inadai mshauri huru, atakuwa anadai kitu ambacho hakipo.

#11 Mtanga wa Reading

Ni kweli, na sikumwambia adai kama haki. Namwambia aombe. Kuomba siku kumi hakuhitaji kifungu.

#12 Pwani Kwetu

Mimi ni wa Mombasa, na kwetu jambo hili limefika hadi Mahakama ya Rufani. Katika shauri la Thomas De La Rue la 2013, mahakama ilikataa kwamba mfanyakazi akishasaini hati ya kukiri malipo basi milango yote imefungwa. Kila hati itazamwe kwa mazingira yake, kama ilikuwa makubaliano ya kweli au risiti tu. Mwaka 2018, katika shauri la Coastal Bottlers, mahakama hiyo hiyo ikashikilia makubaliano yaliyosainiwa kuwa yanafunga, kwa kuwa mfanyakazi hakuonyesha kwamba alidanganywa au kulazimishwa. Mawakili wetu husoma mashauri hayo mawili kila mmoja kwa upande anaoutetea.

Sisi tuna afueni moja: madai ya mkataba wa kazi yana muda wa miaka mitatu. Nyinyi mna muda gani?

#13 Mtetezi wa Tawi

Siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine, kufungua katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda na kueleza kila siku iliyopita. Ndiyo maana namhimiza mleta uzi asikae akisubiri ahadi za mdomo.

#14 Mama wa Vingunguti

Mimi si mwanasheria. Nisimulie ya mume wangu.

Aliachana na mwajiri wake kwa maelewano, akalipwa, wakapeana mikono. Alipokwenda kufuatilia fao la upotevu wa ajira NSSF, aliombwa barua ya kuachishwa kazi. Barua aliyokuwa nayo ilisema ameondoka kwa hiari yake, na fao lile halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari. Ni fao la asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, si fedha ndogo kwa nyumba yenye watoto wanaosoma. Tulirudi kwa mwajiri kuomba barua irekebishwe. Afisa aliyekuwa ameiandika alikuwa ameshahama, na aliyempokea alisema hawezi kubadili maneno ambayo mtu ameyasaini.

Kaka, wewe unahangaika na milioni sita. Angalia na hayo maneno "kwa ombi langu". Angalia pia kama michango yako yote imepelekwa, kwa sababu ukishasaini kwamba huwadai kitu, hata hilo utaanza kubishana nalo.

#15 Hesabu Kwanza

Mzee Karani, nimekubali 26. Mama wa Vingunguti ametaja jambo zito kuliko hesabu zangu zote.

Nami niongeze kodi. Malipo ya kupoteza ajira yanahesabiwa ndani ya mapato ya ajira, na kiwango cha juu cha kodi ya mshahara ni asilimia 30 kwa sehemu inayozidi shilingi milioni moja kwa mwezi. Je, milioni sita ni kabla ya makato au ndiyo inayoingia mkononi? Karatasi isiyosema itatafsiriwa na anayelipa.

#16 Bandari Salama

Nadhani wote mnapita pembeni ya sababu yenyewe. Watu wanne wa idara moja, mkupuo mmoja, siku tatu: hiyo ni kampuni inayojiandaa kuuzwa au kukabidhi ghala kwa mkandarasi. Mnunuzi hataki kurithi watumishi wenye miaka tisa. Mleta uzi, chunguza hilo, kwa sababu kama kuna mnunuzi anayesubiri, haraka ni yao na nguvu ya mazungumzo ni yako.

#17 Meza ya Ajira

Au ni mwisho wa mwaka wa fedha na bajeti ya malipo hayo inafungwa. Nimeliona hilo zaidi ya kuuzwa kwa kampuni. Haraka peke yake haithibitishi nia mbaya.

#18 Forodhani

Kwa faida ya wasomaji wa Zanzibar: sheria ya 2004 na Tume mnayoitaja ni ya Tanzania Bara. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na utaratibu wetu wa kushughulikia migogoro, kwa hiyo msichukue siku na hesabu za humu mkazipeleka kwa mwajiri wa Unguja. Watumishi wa umma wa Bara nao wana njia yao kupitia mamlaka za utumishi kabla ya kufika mahakamani.

#19 Ghala Namba Tano

Wakuu, nawashukuru kwa dhati.

Jana nilikwenda na mwenzangu mmoja kwa wakili mwenye ofisi yake Kariakoo. Aliweka kidole kwenye mambo matatu. Aliyakata maneno "kwa ombi langu" akaandika kwamba ajira inasitishwa kwa sababu za kiuendeshaji za mwajiri. Alidai mchanganuo wenye mistari, usafiri wa Mbeya ukiwemo, na kila kiasi kionyeshwe kabla na baada ya kodi. Kifungu cha kutofungua shauri alikiwekea sharti kwamba kianze kufanya kazi pale tu fedha yote itakapoingia benki, kwa kuwa ilivyo sasa ningekuwa nimefungwa tangu siku ya sahihi hata wasipolipa. Alipendekeza pia tusainiane mbele ya msuluhishi wa Tume, ili wasipolipa tuyakazie makubaliano hayo kama hukumu badala ya kuanza kesi mpya.

Leo asubuhi nimepeleka barua ya kuomba muda. Afisa hakufurahi, lakini ameongeza hadi Jumatatu. Kuhusu usafiri amesema nilihamia Dar kwa hiari mwaka 2019, kwa hiyo Mbeya haihusiki.

#20 Karani Mstaafu

Uhamisho haufuti mahali pa kuajiriwa. Barua ya uhamisho unayo? Kama inasema kampuni imekuhamisha kwa mahitaji ya kazi, iambatishe.

#21 Meza ya Ajira

Mzee, inategemea. Kama mwaka 2019 alisaini mkataba mpya hapa Dar, kampuni itasema kuajiriwa kulianza upya, na wakishinda hapo hata ile miaka tisa itapungua.

#22 Binti wa Sheria

Si rahisi hivyo, kwa kuwa utumishi kwa mwajiri yule yule bila kukatika huhesabiwa kwa pamoja. Alete tu karatasi ya 2019 kwa wakili wake.

Mimi nina wasiwasi mwingine. Siku 30 zinaanza lini? Kanuni za 2007 zinasema tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe ambayo mwajiri alifanya uamuzi wa mwisho wa kumwachisha. Kampuni inaweza kudai kwamba uamuzi wa mwisho ulikuwa Jumatatu ile alipoitwa. Mazungumzo yakiburuzwa wiki nne, atajikuta nje ya muda.

#23 Mtetezi wa Tawi

Kukabidhiwa pendekezo la kusaini siyo uamuzi wa mwisho. Bado anafanya kazi na bado analipwa, na siku zitaanza atakapopewa barua. Hata hivyo sioni ubaya wa yeye kuwa na fomu ya Tume iliyojazwa ndani ya begi.

#24 Ghala Namba Tano

Barua ya 2019 nimeipata. Kichwa chake kinasema "Uhamisho wa Kituo cha Kazi", na haitaji mkataba mpya. Lakini ina mstari unaosema masharti mengine yote "yatapitiwa upya" Dar, na sikumbuki kama yaliwahi kupitiwa. Je, mstari huo unaweza kunidhuru?